Kimo cha mbwa kisimdanganye mfugaji wakati wa kubadili chakula

MBWA wa ulinzi ni mtaji kama mtaji mwingine. Mwenye ghala la mahindi, mwenye mabanda ya kuku na mwenye duka la pembezoni mwa mji wote humtegemea usiku. Wapo pia wanaojipatia kipato kwa kuzalisha na kuuza watoto wa mbwa wa aina za German Shepherd, Rottweiler na Boerboel.

Tatizo huanza mbwa anapofikisha miezi minne au mitano. Amerefuka, sauti imekuwa nzito na wapita njia wameanza kumwogopa. Mwenye mbwa anaangalia bei ya mfuko wa chakula cha mbwa mchanga, kisha anamwangalia mbwa mwenyewe, na haoni sababu ya kuendelea na gharama hiyo. Kesho yake mbwa anawekewa ugali na ukoko wa sufuria, au anafunguliwa mfuko wa chakula cha mbwa mkubwa ambao bei yake ni nafuu.

Wiki chache baadaye mbwa anahara, anakonda, au miguu ya mbele inaanza kupinda. Wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Mara nyingine ni minyoo kweli, lakini mara nyingine ni chakula, na dawa ya minyoo hainyooshi mguu uliopinda.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Mbwa ana miaka miwili na bado analishwa chakula cha watoto kwa madai kwamba kina nguvu zaidi. Huyu hapati matege. Anachopata ni unene, na mbwa mnene hakimbizi mwizi. Kila mwezi mwenye mbwa anakuwa amelipia nguvu ambazo mbwa hazihitaji tena.

Tofauti iko wapi?

Tofauti ya vyakula hivi viwili haiko kwenye picha iliyochorwa juu ya mfuko. Viwanda vingi hufuata viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo nchini Marekani. Viwango hivyo vinataka chakula cha mbwa anayekua kiwe na protini isiyopungua asilimia 22.5, mafuta asilimia 8.5 na kalsiamu asilimia 1.2, maji yakiwa yameondolewa katika hesabu. Kwa mbwa aliyekomaa viwango vya chini ni protini asilimia 18, mafuta asilimia 5.5 na kalsiamu asilimia 0.5.

Aidha, kila kilo ya mwili wa mtoto wa mbwa aliyetoka kuachishwa ziwa inahitaji nguvu zipatazo mara mbili ya zile zinazohitajiwa na kilo ya mbwa mkubwa. Mahitaji hayo hushuka kidogo kidogo kadiri anavyokaribia uzito wake wa mwisho. Hayakatiki siku moja, na ndiyo sababu chakula nacho hakipaswi kubadilishwa kwa siku moja.

Kwa mbwa wa aina kubwa, yaani wale watakaofikia kilo 32 na kuendelea, liko jambo jingine ambalo wafugaji wengi hawaambiwi dukani. Kalsiamu ikizidi huharibu mifupa kama vile ikipungua. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980 kwa watoto wa mbwa wa aina ya Great Dane ulionyesha kuwa waliolishwa kalsiamu nyingi kupita kiasi walipata kasoro za mifupa na viungo. Sababu ni kwamba utumbo wa mbwa aliye katika miezi ya mwanzo bado haujui kukataa. Mtu mzima akila kalsiamu nyingi, mwili hupokea kiasi unachotaka na kuacha nyingine ipite. Mtoto wa mbwa hupokea sehemu kubwa ya kila anachopewa.

Kwa hiyo mfugaji anayemwongezea mtoto wa Boerboel kijiko cha unga wa mifupa au chokaa ya kuku juu ya chakula cha mfuko kilichokamilika, akidhani anaimarisha miguu, huenda ndiye anayeiharibu. Viwango vya AAFCO vimeweka ukomo wa asilimia 1.8 ya kalsiamu kwa chakula cha watoto wa mbwa wa aina kubwa.

Hesabu ya umri

Mbwa hubadilishiwa chakula anapomaliza kukua, na aina hazimalizi pamoja. Mbwa wadogo wenye kilo zisizozidi 10 hukomaa wakiwa na miezi minane hadi 10. Mbwa wa kati, wakiwamo wengi wa kienyeji wenye kilo kati ya 10 na 20, hufika huko karibu na mwaka mmoja. German Shepherd na Rottweiler huhitaji miezi 12 hadi 18. Boerboel, Great Dane na wengine wa umbo hilo huendelea kujaza mwili hadi miezi 18, na wengine hadi miaka miwili.

Hapo ndipo kimo kinapodanganya. German Shepherd wa miezi minane anaweza kuwa na urefu unaokaribia ule wa mama yake, lakini sehemu laini zilizo karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia, hazijafunga. Kwa macho ni mbwa mkubwa. Kwa mifupa ni mtoto.

Mizani husaidia zaidi kuliko macho. Mwenye mbwa anaweza kusimama juu ya mizani akiwa amembeba, kisha akapima uzito wake peke yake na kutoa. Kwa mbwa asiyebebeka, mizani ya kupimia magunia inafaa, ilimradi mbwa afungwe vizuri kwenye mkanda wa kifua na si shingoni. Uzito uandikwe kila mwezi kwenye daftari lile lile la mayai au maziwa. Umri wa aina yake ukishatimia, na miezi miwili ikapita bila uzito kupanda wakati mbwa ana afya na anakula kama kawaida, muda wa kubadili umefika.

Baadhi ya wafugaji wa siku nyingi hushauri mbwa wa aina kubwa aondolewe kwenye chakula cha watoto mapema, akiwa na miezi minne, ili asikue haraka na kuumia viungo. Ushauri huo una ukweli ndani yake, kwani ukuaji wa haraka kupita kiasi ni hatari kwa mbwa hao. Tatizo ni dawa inayopendekezwa. Chakula cha mbwa mkubwa kina nguvu kidogo, hivyo mbwa mchanga hula kingi zaidi ili ashibe, na kwa kula kingi anaweza kujikuta amemeza kalsiamu nyingi kuliko awali. Kilicho salama ni kubaki na chakula cha ukuaji kilichotengenezwa kwa ajili ya aina kubwa na kupunguza kiasi chake, mbwa akae na mwili mwembamba.

Siku saba hadi 10

Tumbo la mbwa lina vijidudu vilivyozoea chakula fulani. Chakula kikibadilika ghafla, vijidudu hivyo havimudu, na matokeo yake ni kuhara, kutapika au gesi. Mbwa mkubwa anaweza kuvumilia, lakini mbwa mchanga anayehara hupoteza maji haraka.

Njia inayokubalika na wataalamu wengi wa mifugo ni kuchanganya. Kwa siku mbili au tatu za mwanzo, robo ya sahani iwe chakula kipya na robo tatu kile cha zamani. Siku mbili au tatu zinazofuata iwe nusu kwa nusu. Kisha kipya kiwe robo tatu, na kufikia siku ya saba hadi ya 10 mbwa awe anakula kipya kitupu. Mbwa aliyewahi kusumbuliwa na tumbo apewe wiki mbili.

Kipimo cha maendeleo ni kinyesi. Kikiwa kigumu cha kuokoteka, songa mbele. Kikilainika kidogo, rudi hatua ya nyuma kwa siku mbili. Kikiwa cha maji zaidi ya siku moja, chenye damu, au mbwa akakataa chakula na kulala tu, hilo si suala la chakula tena. Aitwe bwana mifugo siku hiyo hiyo, maana ugonjwa wa parvo huanza kwa dalili zinazofanana na hizo na huua watoto wa mbwa wasiochanjwa.

Kosa linalojirudia ni kusubiri mfuko wa zamani uishe kabisa ndipo ununuliwe mpya. Hapo hakuna cha kuchanganya. Mfuko mpya ununuliwe wakati ule wa zamani ukiwa umebaki na chakula cha wiki nzima.

Anayemtoa mbwa kwenye chakula cha kupikwa na kumpeleka kwenye chakula kikavu cha punje atazame pia bakuli la maji. Chakula cha kupikwa sehemu kubwa ni maji, wakati punje zina maji karibu asilimia 10 tu. Mbwa ataanza kunywa zaidi, na hiyo si dalili ya ugonjwa. Maji yawepo muda wote.

Anayelisha dona na dagaa

Si kila mfugaji ana uwezo wa kununua mifuko, na mbwa wengi nchini hukua bila kuiona. Mabadiliko ya chakula yanawahusu nao pia, ila hufanyika kwenye sufuria.

Dagaa wakavu wasio na uchafu wana protini inayozidi nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa wazima pamoja na mifupa, huleta kalsiamu pia. Unga wa dona una protini ya takribani asilimia tisa. Ukichukua kilo moja ya dagaa kwa kilo mbili za dona, vyote vikiwa vikavu kabla ya kupikwa, mchanganyiko hukaribia asilimia 24 ya protini, kiwango cha mbwa anayekua. Kilo moja ya dagaa kwa kilo nne za dona hushuka hadi karibu asilimia 18, kiwango cha mbwa mkubwa. Kutoka mchanganyiko wa kwanza hadi wa pili mfugaji apite katikati, kilo moja kwa tatu, kwa siku tano hivi.

Hesabu hiyo ni ya protini peke yake. Bado kuna mafuta, vitamini na madini, ambavyo mchanganyiko huo hauvitoshelezi, na mwenye mbwa wa aina kubwa anayekua hapaswi kukisia. Bwana mifugo anaweza kumwelekeza aina na kiasi cha mchanganyiko wa madini na vitamini wa kuongeza kulingana na uzito wa mbwa.

Dagaa wanaoanikwa chini huja na mchanga, hivyo waoshwe, na wale wa chumvi waloweke kwanza. Anayetumia nyama tupu bila mifupa akumbuke kuwa nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mtoto wa mbwa anayeshindia nyama na ugali anaweza kuwa mnene, mwenye manyoya ya kung'aa, na bado akavunjika mguu kwa kuruka kutoka kwenye gari. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, isitumike kuziba pengo hilo.

Unga uliooza nao si chakula cha mbwa. Kuna mazoea ya kutenga mahindi yaliyoota ukungu kwa ajili ya mifugo na mbwa. Sumukuvu iliyomo humo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 na ikaua tena watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa huathirika vibaya zaidi kuliko wanyama wengi, kwani ini lake halihimili sumu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2005 kiwanda kimoja nchini Marekani kililazimika kurudisha kutoka sokoni chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu, baada ya mbwa wengi kufa. Kupika hakuiondoi.

Hali kadhalika, chakula cha vifaranga kisigeuzwe cha mbwa eti kwa sababu kina protini. Baadhi huwekewa dawa za kuzuia koksidiosisi, na zipo miongoni mwa dawa hizo ambazo ni sumu kwa mbwa.

Mbwa anapofikia ukubwa wafugaji wengi humhamishia kwenye mabaki ya machinjioni, yaani utumbo, mapafu na maini yaliyokataliwa na mkaguzi. Vyote vichemshwe si chini ya nusu saa. Maini na mapafu yenye vifuko vya maji, yakiliwa mabichi, humpa mbwa tegu mdogo ambaye mayai yake huwarudia watu wa nyumbani. Turkana nchini Kenya na maeneo ya wafugaji ya Ngorongoro yanaujua vizuri ugonjwa huo, ambao mara nyingi matibabu yake ni upasuaji.

Kiasi ni pesa

Kubadili aina ya chakula bila kubadili kiasi ni kazi nusu. Mbwa mchanga hula mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, na baada ya hapo mara mbili zinamtosha maisha yake yote.

Mbwa aliyekomaa wa kilo 30, mwenye shughuli za kawaida, huhitaji kati ya gramu 350 na 450 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea chakula chenyewe. Akipewa gramu 400, kwa mwaka atakula kilo 146, sawa na mifuko 10 ya kilo 15. Akipimiwa kwa kopo lililojazwa bila kuangalia, akafikia gramu 600, atakula kilo 219, sawa na mifuko karibu 15. Mifuko mitano imekwenda na kurudi kama mafuta kwenye mbavu. Mwenye mbwa watatu wa ulinzi azidishe mwenyewe kwa bei ya dukani kwake.

Kopo lolote linafaa kuwa kipimo, ilimradi chakula kinachojaa ndani yake kipimwe mara moja kwenye mizani ya bucha au ya duka, kisha lipigwe alama ya mstari.

Mkono ndio unaosema kama kiasi ni sahihi. Mbavu zihisike kwa vidole bila kukandamiza, na mbwa akitazamwa kutoka juu aonekane na kiuno. Mbavu zikionekana kwa mbali, ongeza. Zikitafutwa zisipatikane, punguza sehemu ya kumi na usubiri wiki mbili. Aliyehasiwa huhitaji pungufu ya hapo, kwa asilimia 20 au hata 30.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo ya kile walichokula wenzao. Hao waliishi karibu miaka miwili zaidi na walichelewa kupata maumivu ya viungo. Kwa mbwa wa ulinzi, hiyo ni miaka miwili ya kazi kabla ya kununua na kufundisha mwingine.

Kazi ya mwenye duka

Wenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo wana nafasi kubwa katika jambo hili, kwa kuwa wateja wengi hununua chakula kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa. Mteja huyo hasomi maandishi ya mfuko. Hajui kama ni 'Puppy', ambacho ni cha watoto, 'Adult' cha wakubwa, au 'All Life Stages', ambacho kimefikia kiwango cha mbwa anayekua na hivyo hakihitaji kubadilishwa mbwa akikomaa, bali kupunguzwa tu. Kipande cha karatasi chenye aina ya chakula na tarehe ya mwisho ya matumizi, kikitumbukizwa kwenye mfuko wa kilo mbili, kinamtosha.

Mfuko uliofunguliwa ukiachwa wazi kwenye joto, mafuta yake huchacha na mbwa hukataa kula. Ufungwe mdomo na kuwekwa ndani ya pipa lenye mfuniko, mbali na ukuta na panya. Mwenye duka anayeuza polepole ni heri afungue mfuko mmoja kwa wakati.

Kwa wazalishaji, mtoto wa mbwa anayeuzwa akiwa na wiki nane huondoka kwa mama, kwa ndugu zake na kwa chakula chake siku moja. Anayemkabidhi mnunuzi kifurushi cha chakula kile kile cha siku 10, na karatasi inayoonyesha jinsi ya kukichanganya na kipya, humpunguzia mtoto huyo badiliko moja kati ya hayo matatu. Kwa mtoto wa wiki nane wa aina kubwa, kifurushi hicho ni kilo mbili hadi tatu tu, na gharama yake inaweza kuingizwa ndani ya bei ya mbwa.